Kijani Juu ya Beseni Jeupe

Jambo la kwanza nililofundishwa kuhusu damu ni kuiacha ikauke. La pili ni kuipiga picha kabla ya kuifanyia kitu kingine chochote. Ninyi niliowaachia funguo za chumba cha alama za vidole mnayajua hayo, maana nimewaimbia mpaka mkachoka. Lakini siku ile mliponiaga, mmoja wenu aliniuliza kazi hii nilijifunzia wapi. Nikajibu, "Masasi." Mkacheka, mkadhani natania. Sikutania. Sasa nimekaa barazani wiki kadhaa bila mtu wa kumkemea, nimeona afadhali niwaandikie. Vyeo vyangu sitavitaja. Waliosoma faili langu wanavijua, na wasiolisoma hawajapoteza kitu.

Nilizaliwa chini ya milima ya mawe ya Masasi, mtoto wa mwalimu wa shule ya misheni. Nyumbani kwetu tulisali kwa Kiswahili na kugombana kwa Kiyao. Baba alitaka niwe padri, na kwa kuwa nilikuwa na mwandiko mzuri aliamini Mungu naye alitaka hivyo. Nilipomwambia nimejiandikisha polisi, alinyamaza siku nzima. Jioni aliuliza swali moja tu, kama polisi wanapewa viatu. Nikasema wanapewa. Akasema, "Haya."

Ilikuwa miaka ya mwisho ya Mwingereza. Kituo chetu cha Masasi kilikuwa na veranda mbele, na nyuma kilikuwa na chumba kidogo kilichowahi kuwa stoo ya mahema. Humo ndimo alimokaa Sajini Rajabu Nantanga, ambaye sisi sote tulimwita Mzee Rajabu ingawa nywele zake zilikuwa bado nyeusi. Alikuwa Mmakonde wa Newala, mwembamba, mtu wa swala tano, na alikuwa amefundishwa alama za vidole Dar es Salaam na mkemia wa serikali. Mkemia huyo aliendelea kumtumia chupa za dawa kwa meli mpaka Lindi, halafu kwa lori. Nusu ya chupa zilifika zimevunjika. Mzee Rajabu alishukuru kwa nusu iliyobaki.

Siku yangu ya kwanza nilisimama mlangoni pake nikiwa na sare iliyonyooka kama ubao.

"Shikamoo, Afande."

"Marahaba. Nionyeshe mikono."

Nikainyoosha kama mwanafunzi anayekaguliwa kucha. Akaigeuza, akaitazama, kisha akaniambia niiache hapo hapo hewani. Yeye akaendelea na kazi yake. Nilisimama hivyo mpaka mabega yakaanza kuwaka.

"Haitetemeki sana," akasema mwishowe. "Baba yako nani?"

Nikamtajia.

"Mwalimu. Basi umezoea kukaa kimya mtu mwingine akisema. Kaa."

Nilikaa, na nilibaki kwenye kiti kile kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia.

Wiki za mwanzo nilitandaza wino kwenye kioo kwa rola na kuviringisha vidole vya watu kwenye karatasi. Wezi wa mbuzi, walevi waliopigana kwa pombe ya mabibo ya korosho, na askari wenzangu pale wezi walipoadimika. Kosa langu lilikuwa kukandamiza. Mzee Rajabu hakupandisha sauti. Alichukua kidole changu mwenyewe, akakiviringisha polepole mno, akasema, "Hivi. Unambeba mtoto aliyelala, humwamshi." Hadi leo nikichukua alama za mtu nasikia mkono wake juu ya mkono wangu.

Halafu tukaingia kwenye damu. Mnaotumia unga wa kunyunyizia alama kwa kila kitu, nisikilizeni. Unga ni mzuri kwa jasho la vidole kwenye kioo au bati. Kwenye damu ni balaa, unaganda kwenye mistari na kuifukia. Alama ya damu inayoonekana vizuri haihitaji dawa, inahitaji kamera. Dawa ni kwa ile usiyoiona, au unayoiona kama doa la chai, pale mtu aliposhika kitu kwa mkono wa damu na maji yakapita juu yake kidogo.

Dawa yetu ilikuwa rangi ambayo haikuwa na rangi. Kwenye chupa ilikuwa nyeupe kama maji, imechanganywa na asidi ya siki kali inayotoa machozi. Ukiinyunyiza juu ya damu, halafu ukafuatisha dawa ile ya povu inayooshea vidonda hospitalini, damu inageuka kijani. Mzee Rajabu alisema chanikiwiti, kama watu wa zamani. Ilikuwa rangi nzuri, ya jani la muhogo baada ya mvua ya kwanza, na kila mara ilipojitokeza alisema "Alhamdulillahi" kwa sauti ndogo, hata kama alikuwa ameiona mara nyingi.

Ukimimina dawa, umeharibu. Damu inayeyuka na mistari inakimbia. Kwa hiyo tulitumia kipulizio cha kinyozi, kile cha mpira wa kubana cha kupulizia manukato shingoni. Mzee Rajabu alipewa na kinyozi mmoja wa Lindi aliyeacha kazi. Hakuna kifaa kilichowahi kuletwa kutoka Ulaya nilichokipenda kama kile. Ulibana kwa vidole viwili, ukungu ukatua wenyewe, nawe ukashusha pumzi.

Nilijifunza kwa kuku. Alinituma sokoni nikanunue kuku hai, tukachinja, nami nikachovya kidole na kushika kila kitu chumbani: chupa, debe, ubao uliorandwa, ubao usiorandwa, mpini wa jembe. Tuliviacha vikauke, tukavisuuza nusu nusu, tukajaribu kuzirudisha alama. Nyingine zilirudi, nyingine zilikwenda zao. Kuku tulimla. Mwezi ule kituo kizima kilikuwa kinaulizia maendeleo ya masomo yangu. Mchumba wangu, ambaye sasa ni Mama Hilda, aliuliza kama kule polisi nimewekwa kutengeneza achari, maana nguo zangu zilinuka siki.

Tulikuwa na dawa nyingine pia, unga uliogeuza damu kuwa buluu, nayo ilikuwa rahisi zaidi. Mzee Rajabu hakuipenda, alisema inamkereketa kooni, akaifungia kabatini na kunikataza kuigusa. Miaka mingi baadaye tuliambiwa inaleta saratani. Mimi ninayewaandikia haya nina afya yangu, kwa sababu mtu mmoja alisikiliza koo lake.

Sasa niwaeleze kesi ya Mnyambe.

Ilikuwa kiangazi, korosho zimeanza kuanguka. Habari zilikuja kutoka Newala kwamba mzee mmoja wa Mnyambe, Issa Likumbwa, amekutwa chumbani kwake amekatwa panga la shingo. Aliyekamatwa ni Bakari, mpwa wake, mtoto wa dada yake. Kwa Wamakonde mpwa ndiye mrithi, na Mzee Issa alikuwa na mikorosho mingi kule Makote. Bakari alikamatwa na shati lililolowa damu ya mjomba wake. Watu walisema hakuna cha kuchunguza.

Mkuu wetu wa polisi, Bwana Hartley, alituita. Hakuwa mtu wa maneno. "Newala wanasema kesi imekwisha," alisema kwa Kiswahili chake cha kukatakata. "Nendeni. Kama imekwisha kweli, rudini mniambie." Namshukuru mpaka leo, maana angeweza kutia sahihi tu na kwenda kunywa chai.

Tulipanda uwanda kwa Landrova ya kituo, dereva akiwa Musa, mtu mcheshi aliyependa gari kuliko binadamu. Tulifikia Newala kwanza, mahabusu, kwa sababu Mzee Rajabu alitaka alama za Bakari kabla ya kuona kitu kingine chochote.

Bakari alikuwa kijana wa umri wangu, mkulima mwenye viganja vigumu. Macho yake yalikuwa yamevimba.

"Shikamoo, Mzee," alimwambia Mzee Rajabu.

"Marahaba, mwanangu. Mjomba wako ulimkutaje?"

"Chini. Nilikwenda asubuhi kumwamkia nikamkuta chini. Nikamwinua. Nani anamwacha mjomba wake chini?"

"Wanasema mligombana."

"Tuligombana, kweli. Alisema mikorosho hanipi mpaka nimwonyeshe kwamba naweza kupalilia hata shamba la muhogo. Mbele za watu. Nikamwambia basi azikwe nayo."

Nilishika vidole vya Bakari kimoja kimoja na kuviviringisha. Kesi ya kuua siku zile mwisho wake ulikuwa kamba, na yeye alijua, na mimi nilijua.

Mnyambe tulikuta matanga. Marehemu alikuwa ameshazikwa. Wanaume walikaa kwenye mikeka upande mmoja, wanawake upande mwingine, na jumbe alitupokea kwa heshima ya mtu anayetaka wageni waondoke mapema. Alimjua Mzee Rajabu kwa ukoo. "Wewe ni wetu," alimwambia. "Jambo hili linatuumiza. Lifunge."

"Nitalifunga," alijibu Mzee Rajabu. "Nipe ruhusa niangalie nyumba kwanza."

Chumbani damu ilikuwa nyingi, lakini watu wengi walikuwa wamekanyaga na kubeba maiti. Hatukupata kitu. Tulitoka uani. Kando ya ua wa kuogea, chini ya ukuta wa miti, palikuwa na beseni jeupe la enameli lenye mdomo wa buluu, limefudikizwa. Mzee Rajabu aliinama. Kwenye ukingo wake, ndani, kulikuwa na vivuli vya kahawia vyepesi mno. Mimi ningeviita uchafu.

"Aliyeua alinawa," alisema. "Lakini ili unawe, lazima ushike beseni kwanza kwa mikono ile ile."

Hakuligusa. Akauliza nani mwenye kujua vyombo vya nyumba hii. Akaja mwanamke mrefu aliyejifunga kaniki, uso umekauka kwa kulia. Alikuwa Mama Bakari. Yule aliyekufa alikuwa kaka yake wa tumbo moja, na yule aliyefungwa ni mwanawe wa pekee wa kiume. Sijui kama nimewahi kuona mtu aliyesimama wima akiwa amebeba mzigo kama ule.

"Pole sana, Mama Bakari," alisema Mzee Rajabu. "Beseni hili, wakati wa kumwosha marehemu, lilitumika?"

"Hapana. Tuliazima vyombo vya msikitini. Hili lilikuwa limefudikizwa hapo hapo. Tulikubaliana vitu vyake visiguswe mpaka arobaini ipite."

"Hakuna aliyelisogeza?"

"Nani alisogeze? Watu walikuwa wanalia."

Tukaanza kazi. Nilipiga picha kwanza, nikiwa nimeweka rula kando. Mzee Rajabu alichukua kipande cha enameli tulichokuja nacho, akakijaribu kwa damu ya kuku ili kuona kama dawa bado ina nguvu, maana ile ya povu hufa upesi kwenye joto, hata ukiifunga kitambaa kibichi. Ilikuwa hai. Akaniambia nimletee maji safi ya maabara. Dawa ile ikishafanya kazi lazima isuuzwe mara moja, la sivyo chombo kizima kinaanza kupata ukijani na alama inazama humo.

Chupa ya maji ilikuwa tupu.

"Musa," niliita, "maji yako wapi?"

Musa alikuja akifuta mikono. "Yale ya chupa kubwa? Gari lilichemka kwenye kupanda. Niliyatia kwenye rejeta."

"Yale yalikuwa ya kazi!"

"Na gari nalo lilikuwa kazini, Afande. Bila hivyo mngekuwa bado mko njiani mnasukuma."

Mzee Rajabu alifumba macho kidogo, kisha akamwomba jumbe maji. Wasiolijua eneo lile hawataelewa tuliomba nini. Uwanda wa Makonde hauna mto wala chemchemi juu. Wanawake waliteremka bondeni alfajiri na kupanda na ndoo kichwani jua likiwa kali. Kiangazi kile maji yaliyokuwapo yalikuwa ya kupikia matanga. Jumbe alitazama pembeni.

Mama Bakari ndiye aliyeondoka. Alirudi na ndoo yake mwenyewe, imejaa, majani yanaelea juu ili maji yasimwagike. Aliitua mbele yetu.

"Kaka yangu amekufa," alisema. "Mwanangu amefungwa. Nanyi mnataka maji ya kuosha beseni. Haya. Lakini niambieni, beseni hili litasema nini?"

"Sijui, mama," alijibu Mzee Rajabu. "Naweza kukuahidi kwamba nitakalosoma ndilo nitakalosema. Hata likiwa la kumuumiza Bakari."

Mama Bakari akasema, "Soma," akakaa chini pale pale mchangani.

Tuliyachuja maji yale kwa kitambaa mara kadhaa, tukayajaribu kwenye kile kipande cha enameli chenye damu ya kuku. Yalifaa. Mzee Rajabu alinipa kipulizio. Nilidhani anataka nimshikie. "Wewe," alisema. "Mikono yangu leo si mizuri. Naijua familia hii."

Nilibana. Ukungu wa siki ukatua. Nikachukua ile ya povu, nikabana tena. Kitu cha kwanza kugeuka kijani kilikuwa sehemu moja chini ya ukingo, kijani kikali, nami nikageukia kamera.

"Hiyo ni kutu," alisema Mzee Rajabu. "Enameli imebanduka hapo. Kutu nayo inageuka. Subiri mistari."

Tulisubiri. Halafu ilikuja, polepole, kama picha inavyokuja kwenye sinia la dawa gizani. Ndani ya ukingo, kidole gumba. Nje yake, vidole vitatu. Mistari ilijikunja kana kwamba imechorwa, na katikati ya kidole gumba ulipita mstari mweupe wa mshazari ambao haukufuata mingine. Kovu. Nilisikia "Alhamdulillahi" nyuma yangu. Nikasuuza kwa maji ya Mama Bakari, tone kwa tone. Niliweka kioo chekundu mbele ya lenzi, maana kwenye picha nyeusi na nyeupe za siku zile kioo hicho hukifanya kijani kitoke cheusi, nikapiga mpaka sahani za kamera zikaisha.

Mzee Rajabu alikaa na kioo cha kukuzia, karatasi ya Bakari mkono mmoja na beseni mbele yake. Alikaa muda mrefu. Kisha alininong'oneza, "Si yeye. Angalia mwenyewe." Nikaangalia. Mistari ya kidole gumba cha Bakari ilijikunja kitanzi, ile ya beseni ilizunguka duara, na Bakari hakuwa na kovu. Nilitaka kusimama nimwambie yule mama. Alinishika mkono.

"Bado. Tunajua tu kwamba mtu mwingine alishika beseni kwa mkono wa damu. Labda ni mtu aliyembeba maiti akataka kunawa. Usimpe mtu furaha ambayo utamnyang'anya kesho."

Kwa hiyo aliomba alama za kila aliyeingia nyumbani mle, na za majirani wote. Palizuka manung'uniko. Wino ni kwa wezi, walisema. Shehe aliyemwosha marehemu ndiye aliyemaliza ubishi. Alikunja mikono ya kanzu, akaketi mbele yangu, akasema, "Anza na mimi, mwanangu. Nataka kujua kama mimi ni mwizi." Watu wakacheka kidogo, cheko la kwanza siku ile, na mstari ukapangika.

Aliyeusimamia mstari alikuwa jirani wa marehemu, Salumu, ambaye watu walimwita Baba Zuhura. Mtu mwema wa kuonekana, mwepesi wa kutumwa. Yeye ndiye aliyetusimulia kwa ufasaha kuliko wote jinsi Bakari alivyomwambia mjomba wake azikwe na mikorosho. Alisema pia kwamba yeye hajaingia ua wa marehemu tangu masika. Zamu yake ilipofika alikuja bila wasiwasi, akanipa mkono.

Nilipoviringisha kidole gumba chake cha kulia niliona kovu kabla hata ya wino kukauka. Sikuinua macho. Nikaendelea na kidole cha pili, cha tatu, mpaka mwisho, polepole, kama ninavyombeba mtoto aliyelala.

"Ahsante, Baba Zuhura. Jifute hapo."

Nilimpa Mzee Rajabu karatasi pamoja na nyingine bila kusema neno. Alizipitia zote kwa mpangilio, hakuruka hata moja. Alipofika kwenye ile alikaa nayo, akalinganisha mstari kwa mstari, akanipa mimi nilinganishe, akalinganisha tena. Ndipo akamwita Salumu uani, akiwa na jumbe na shehe.

"Baba Zuhura, umesema hukuingia humu tangu masika."

"Sikuingia."

"Hata siku ya msiba?"

"Nilikaa nje na wanaume."

Mzee Rajabu aligeuza beseni taratibu, kidole gumba cha kijani kikamwelekea. "Hiki ni chako."

Salumu alikitazama. Alikitazama kama mtu anayesoma jina lake mahali asipotarajia. Kisha akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Nililiosha."

Akakaa chini, na yaliyobaki aliyasema mwenyewe. Ulikuwa ugomvi wa mpaka wa mikorosho, wa miaka. Alikwenda jioni kuzungumza, Mzee Issa akamtukana mama yake, na panga lilikuwa mkononi kwa kuwa alitoka kufyeka. Hakukusudia. Asubuhi alipoona Bakari ametoka na damu shatini, alinyamaza. Jioni yake hakunyamaza tena, alianza kusimulia.

Mama Bakari alipoambiwa hakupiga kigelegele. Alisema, "Salumu? Salumu ndiye aliyemchimbia kaka yangu kaburi." Akajifunika uso kwa kaniki. Baadaye, tulipomleta Bakari kutoka Newala, alimshika kichwa kwa mikono miwili kama anayepima tikiti, akamgeuza huku na huku, akamwambia tu, "Umekonda." Kisha akatugeukia sisi. "Ahsanteni kwa kusoma," alisema. Nimepokea barua za pongezi zenye mihuri mikubwa, ila sikumbuki hata moja neno kwa neno.

Mahakamani wakili wa Salumu, kijana hodari, aliniuliza kama kutu inaweza kugeuka kijani. Nikasema ndiyo. Akauliza kama majani ya mimea fulani nayo yanaweza. Nikasema ndiyo. Mzee Rajabu alikuwa amenionya kwamba ukiulizwa ukweli usioupenda, ujibu upesi kuliko ule unaoupenda. Akauliza basi tutajuaje kwamba ile ni damu ya marehemu. Nikajibu kwamba rangi haisemi ni damu ya nani, na wala sikuja kusema hilo. Nilikuja kusema kidole ni cha nani. Salumu alihukumiwa kwa kuua bila kukusudia, kifungo kirefu, hakunyongwa. Mzee Rajabu alitoka nje ya mahakama, akaegemea nguzo, akashusha pumzi ndefu. "Nilimwomba Mungu hivyo," aliniambia. "Kidole kile nilikipata mimi. Nisingependa kulala na kamba yake."

Mwaka uliofuata alistaafu, kabla bendera haijabadilishwa. Alirudi Newala kulima muhogo na kuwafundisha wajukuu Kurani. Nilimtembelea kila nilipoweza, na kila mara alidai kuona mikono yangu. Alinipa kazi, akanipa afya, akanipa woga mzuri wa kukosea. Ninyi mliokaa mbele yangu miaka hii mmekula mkate wake bila kumjua. Ndiyo sababu nimemwandika.

Nilijikuta Mnyambe tena kiangazi kimoja, nikipita kwenda kwenye kesi nyingine ya ng'ambo ya kijiji. Musa alisimamisha gari ili rejeta ipoe. Kando ya njia kulikuwa na nyumba yenye paa lililotoboka, na mtu alikuwa juu yake akipanga nyasi mpya. Chini walikuwa watoto watatu wakimpa mafungu, na mama yao amekaa mlangoni akichambua mboga bila kuinua uso. Yule wa juu ya paa alikuwa Bakari. Niliwauliza watu nyumba ile ni ya nani. Wakasema ni ya Salumu.

Nilimsogelea, tukaamkiana. Sikujua niulize vipi, nikauliza vibaya. "Bakari, wewe ndiye unayewaezekea?"

Aliangalia mafundo aliyokuwa akifunga, akakaza moja kwa meno. "Ndugu zake hawaji tena, wanaona haya. Na mvua zinakuja," alisema. "Hawa watoto hawana kesi, Afande."

Nilivua koti la sare, nikaliweka juu ya boneti, nikaenda kumshikia ngazi.